Namna ya Kumpokea Mtaalamu wa Kujitolea Kutoka Ng'ambo: Mwongozo kwa Hospitali za Misheni za Mtwara na Lindi

Hospitali za misheni katika mikoa yetu ya kusini hazikuanza jana kupokea wataalamu kutoka ng'ambo. Ndanda, ambako wamisionari Wabenediktini waliweka makao mwaka 1906, ilimpokea katika miaka ya 1920 Sista Thekla Stinnesbeck, daktari kutoka Ujerumani, aliyeijenga huduma ya hospitali pamoja na zahanati za vijijini. Upande wa Masasi, misheni ya Kianglikana ya UMCA ilimleta mpasuaji Mwingereza Leader Stirling mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi na baadaye Mnero, na mwisho akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia mwaka 1975 hadi 1980. Watu wa namna hiyo walikuja wakakaa. Walijifunza lugha, wakajua msimu wa njaa na msimu wa fedha, wakajua ni nani wa kumwuliza jambo kabla ya kuliamua.

Anayekuja siku hizi ana likizo ya majuma manne, au miezi mitatu akibahatika. Yale ambayo mtangulizi wake aliyajua kwa kukaa, yeye hana muda wa kuyajua kwa njia hiyo, kwa hiyo kadiri muda wa mgeni unavyopungua ndivyo maandalizi ya mwenyeji yanavyopaswa kuongezeka. Mwongozo huu umeandikwa kwa makatibu wa afya, matroni, waganga wafawidhi na masista wanaokabidhiwa wageni. Mgeni mwenyewe anayesoma Kiswahili anaweza pia kufaidika, hasa ndugu zetu wa Kenya na Kongo wanaofikiria kuja kujitolea huku.

Kabla ya kujibu barua ya maombi

Mara nyingi jambo huanza kwa barua pepe. Daktari kijana, mkunga mstaafu au kikundi cha wapasuaji kinaeleza kwamba kingependa kuja kusaidia popote patakapohitajika, na jibu la hospitali nyingi ni "karibuni sana". Jibu hilo lisubiri kidogo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hospitali nyingi hazijaamua ni jembe lipi na shamba lipi. Matokeo yake mgeni hujichagulia mwenyewe, na huchagua kazi aipendayo, ambayo si lazima iwe ndiyo inayokosa watu.

Itisheni kikao kimoja kabla ya kujibu, na msiishie kwa wakuu wa idara. Mwulizeni muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi ni jambo gani linalomkwamisha saa nane za usiku. Mwulizeni mtu wa maabara ni kipimo gani amekuwa akikiandika "hakipo" kwa miezi sasa. Msishangae orodha itakayotoka ikianza na fundi wa vifaa tiba na mhasibu kabla ya daktari yeyote, kwa sababu mashine ya oksijeni iliyokufa na madai ya bima yaliyorudishwa kwa makosa ya ujazaji huiumiza hospitali kila siku, ilhali daktari mmoja zaidi kwa mwezi mmoja huenda asibadilishe kitu.

Baada ya hapo andikeni barua inayotaja kazi, msimamizi na muda. Kwa mfano: hospitali inaomba mtaalamu wa ganzi na usingizi kwa miezi mitatu, ambaye kila siku atafanya kazi pamoja na wauguzi wawili wa idara hiyo, na ambaye kabla ya kuondoka atakuwa amehakikisha kwamba wao wenyewe wanaweza kumpa ganzi ya uti wa mgongo mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua, na kushughulikia shinikizo la damu likishuka ghafla. Barua ya namna hiyo humchuja mgeni yenyewe. Anayetaka tu kuiona Afrika ataona kwamba kazi ni nyingi, na anayetaka kufanya kazi atafurahi kukuta mahali panapojua panachokitaka.

Wanafunzi wa udaktari wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo ni suala jingine. Hao wanakuja kujifunza, na hospitali ndiyo inayowafundisha. Si vibaya kulisema hilo waziwazi, kuwatoza ada ya mafunzo, na kutowahesabu kamwe katika orodha ya zamu. Ombi lisilofaa likataliwe kwa adabu na mapema, kwa kuwa mtu aliyekwisha kununua tiketi ni vigumu kumrudisha.

Vibali na usajili

Kujitolea hakumtoi mtu nje ya sheria. Daktari wa kigeni hawezi kumtibu mgonjwa nchini kabla ya kusajiliwa kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, hata kama katika nchi yake ni profesa. Muuguzi na mkunga wana Baraza lao la Uuguzi na Ukunga, na mfamasia ana Baraza la Famasi. Kwa kawaida mabaraza hutaka vyeti vya taaluma, leseni ya nchi anakotoka, barua ya kuthibitisha mwenendo mwema wa kitaaluma kutoka baraza la kwao, nakala ya pasipoti, na barua rasmi ya hospitali inayomwalika. Vyeti vilivyoandikwa kwa Kijerumani au Kiitaliano vinahitaji tafsiri iliyothibitishwa kisheria. Linganisheni majina pia: mama aliyehitimu kwa jina la babaye na anayesafiri kwa jina la mumewe atahitaji cheti cha ndoa, na jambo hilo dogo limewahi kukwamisha mafaili kuliko mambo makubwa. Barua ya mwenendo mwema huwa na muda wake wa kuisha, kwa hiyo iombwe wakati karatasi nyingine ziko tayari, isije ikachakaa ikizisubiri.

Upande wa uhamiaji, viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Kinachohitajika ni kibali cha kufanya kazi kinachotolewa kupitia Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji, ambacho kwa wanaojitolea na wamisionari ni cha daraja C. Kwa wanaokuja kwa muda mfupi, taratibu na ada hubadilika mara kwa mara, hivyo ulizeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla ya kumwambia mgeni lolote, na msimwachie jirani aliyempokea mgeni mwaka juzi awe ndiye mshauri wenu. Maombi yapitie ofisi ya jimbo au dayosisi. Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, iliyoundwa mwaka 1992 na makanisa ya Kiprotestanti na Kikatoliki kwa pamoja, nayo inazifahamu njia hizo na inaweza kushauri.

Kazi hii yote iwe na mtu mmoja mwenye faili mkononi. Msianze chini ya miezi minne kabla ya tarehe ya kuwasili. Karatasi zikiwa hazijakamilika siku hiyo, mgeni aangalie tu, asiguse mgonjwa. Mganga Mkuu wa Wilaya apewe taarifa kwa barua, na mtendaji wa kijiji aambiwe kwamba nyumba ya misheni ina mtu mpya.

Majira ya kumwalika

Wageni hupanga safari kwa likizo zao, na hospitali haina budi kupanga kwa kalenda ya mkulima. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua hunyesha, barabara za vijiji vya Liwale na Nachingwea huharibika, na wodi ya watoto hujaa malaria na upungufu wa damu. Huo ndio wakati wa kumwalika daktari wa watoto. Wakati wa korosho, tangu mwishoni mwa Septemba hadi Desemba hivi, mgonjwa mwenyewe anaweza kuwa na nafuu ya fedha lakini ndugu wa kumwuguza yuko shambani, na upasuaji usio wa dharura huahirishwa na familia hata kama mpasuaji ameshafika.

Kwa wapasuaji, Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri: mvua zimekwisha, ufuta umeuzwa, korosho bado, na hali ya hewa si ya joto kali. Wanaume wenye mabusha, ambao pwani yetu inao wengi kwa sababu ya ugonjwa wa matende na mabusha, hujitokeza miezi hiyo ikiwa tangazo limesomwa msikitini na kanisani mapema. Tazameni pia Ramadhani inaangukia lini.

Safari na malazi

Mgeni anaweza kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, au kupanda basi kwa njia ya Kibiti, Daraja la Mkapa, Nangurukuru na Lindi. Mvua za mwaka 2024 zilipoikata barabara hiyo eneo la Somanga, waliokuwa na ndege ya kurudi kwao siku inayofuata waliiona ikiondoka bila wao. Basi kila ratiba iwe na siku mbili za akiba Dar es Salaam. Kutoka Mtwara, gari la hospitali hupita Mnazi Mmoja ya mkoani Lindi na kushika barabara ya Masasi, ambayo hufika Nyangao kwanza, kisha Ndanda.

Chumba kiwe na chandarua kisichotoboka, ndoo za akiba ya maji, na taa isiyotegemea umeme wa gridi. Elezeni kabla hajafika ni nani anayelipia chakula na ni kiasi gani, na mpishi atalipwa na nani. Ugali, samaki na kisamvu atavizoea, na ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa huku, ataisimulia kwao.

Siku za kwanza wodini

Hapa ndipo mambo mengi huamuliwa. Siku ya kwanza mgeni asipewe wagonjwa. Atembezwe kila idara, atambulishwe kwa majina na vyeo, na aambiwe bila kuzunguka kwamba muuguzi kiongozi wa wodi ndiye mwenye wodi. Akabidhiwe mwongozo wa matibabu wa Taifa pamoja na orodha ya dawa zilizopo kwenye stoo kwa wakati huo, maana vitu hivyo viwili havifanani kila mara. Malaria isiyo kali inatibiwa kwa dawa ya mseto na malaria kali kwa sindano ya artesuneti; mgeni asiwe na uhuru wa kuandika dawa aliyoizoea kwao kwa kuwa tu alikuja nayo kwenye mkoba.

Kitu cha tatu anachopaswa kukabidhiwa ni orodha ya bei. Daktari aliyefundishwa mahali ambapo vipimo hulipiwa na mfumo anaweza kuandika vipimo sita kwa mkono mmoja, asijue kwamba nje ya mlango huo mtoto wa mgonjwa anapiga simu Tandahimba kuuliza kama mbuzi amepata mnunuzi. Hospitali za misheni huendeshwa kwa fedha za wagonjwa, bima na mikataba na halmashauri. Msamaha wa ada kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano, ambao ni sera ya Serikali, hutekelezwa katika hospitali hizi kwa kutegemea mkataba huo. Mgeni akilielewa hilo ataanza kujiuliza kabla ya kila kipimo kama jibu lake litabadilisha matibabu.

Mwekeni na tabibu mzoefu kwa juma zima la kwanza. Tabibu aliyekaa miaka mingi kwenye wodi ya watoto humtambua mtoto mwenye degedege la malaria kabla hajalazwa kitandani, ilhali mgeni huenda amesoma habari hizo kitabuni tu. Na mgeni naye anaweza kuwa na mkono mwepesi wa mashine ya ultrasaundi ambayo tabibu hajapata mtu wa kumfundisha. Wakiwekwa pamoja kila mmoja hupata kitu. Mgeni asibaki peke yake zamu ya usiku mpaka msimamizi wake aridhike kwa maandishi.

Ukalimani ni kazi, na lazima uhesabiwe kuwa kazi. Muuguzi anayekalimani raundi nzima hawezi wakati huohuo kugawa dawa, hivyo siku za raundi ya mgeni aongezwe mtu. Mchagueni anayezungumza Kimakonde, Kiyao, Kimwera au Kimakua kulingana na wagonjwa mnaowapata, kwa sababu wazee wengi hujieleza vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani. Msiwatumie watoto wala ndugu wa mgonjwa, hasa kwa mambo ya uzazi na ya Virusi vya UKIMWI.

Fikirini raundi ya namna hii. Muuguzi anasimama upande wa kichwa cha kitanda, anainama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Daktari anauliza maumivu ya tumbo yalianza lini."

"Tulikuwa tunakung'uta ufuta. Nikanyanyua gunia, nikasikia kitu kimechomoka."

Bibi anaendelea kueleza ni nani aliyemshika mkono, ni mganga gani alimpa mizizi ya kunywa, na jinsi alivyopata nafuu kwa siku kadhaa. Mgeni anatazama saa. Mkalimani mzuri hamkatishi bibi wala hamfupishii daktari kwa neno moja la "zamani"; anajua kwamba ufuta hukung'utwa Mei na Juni, kwa hiyo anampa daktari mwezi, anamtajia gunia, na anamtajia mizizi, kwa kuwa dawa ya kienyeji inaweza kuwa ndiyo iliyoligusa ini au figo. Akifika hapo anaongeza la kwake: bibi huyu amekuja na binti yake, na kabla ya kuzungumzia upasuaji ni lazima kaka wa bibi apigiwe simu.

Mfundisheni mgeni pia namna ya kuuliza. Mgonjwa anayemheshimu daktari huitikia "ndiyo" kwa kila swali, hivyo badala ya kuuliza kama amemeza dawa, aulize zimebaki vidonge vingapi, na badala ya kuuliza kama ameelewa, amwombe arudie maelekezo kwa maneno yake. Kipimo cha maumivu cha moja hadi kumi, ambacho wageni hukipenda, hakiwafai wazee wetu; mwulize mzee kama jana alilala, na kama anaweza kwenda msalani mwenyewe. Salamu zije kabla ya yote. Mgeni anayesema "shikamoo" kwa mzee na kungoja "marahaba" atasamehewa mengi baada ya hapo.

Habari mbaya ziwe na utaratibu. Asitoke mgeni chumba cha upasuaji na kumwambia mama mzazi koridoni kwamba mtoto hakupona. Msimamizi wa kienyeji ndiye anayemwita mkubwa wa familia, wakaketi, wakaambiana. Na kwa kuwa wagonjwa wetu wengi ni Waislamu ambao huzika mapema, hati za kifo na ruhusa ya kuuchukua mwili zisicheleweshwe kwa kumsubiri mgeni amalize kuandika ripoti ndefu.

Jina la Kikristo na wagonjwa Waislamu

Jambo hili huwachanganya wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyekuja kwa ari ya uinjilisti, akadhani wodi ni mahali pa mahubiri. Wa pili hana dini, na hushtuka kuona siku ya kazi ikianza kwa sala kabla ya ripoti ya usiku. Wote wawili waelezwe katika barua ya mwaliko, si baada ya kufika. Sala ya asubuhi ni desturi ya nyumba na mgeni halazimishwi kusali, lakini anaombwa kufika kwa wakati na kukaa kwa heshima, kwa sababu ripoti hufuata papo hapo. Kando ya kitanda cha mgonjwa hakuna mahubiri. Mgonjwa anayeomba sala aitiwe padre, mchungaji au shehe, kwa kadiri alivyoomba.

Kuna utendaji unaotokana na hili. Wakati wa Ramadhani, mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anaweza kubadili saa za dawa bila kusema. Daktari amwulize mapema, wapange pamoja dawa zinazoweza kumezwa wakati wa futari na daku, na amwambie kwa upole iwapo hali yake hairuhusu kufunga. Mara nyingi neno la shehe wa mtaa husaidia zaidi ya neno la daktari, na si aibu kulitafuta. Mama Mwislamu anayependa kuhudumiwa na mwanamke apewe mwanamke ikiwa yupo. Kwa maoni yangu hospitali ya Kanisa katika mikoa hii huaminiwa kwa mambo kama hayo, na mgeni mmoja asiyejua anaweza kuiharibu imani hiyo kwa siku moja.

Mizigo ya msaada

Wageni hupenda kuja na masanduku. Waambieni wazi kwamba dawa za msaada huingizwa kwa idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwamba miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake inapowasili. Hospitali inayopokea vidonge vya kuisha mwezi ujao imepokea takataka na gharama ya kuziteketeza.

Kwa vifaa, umeme wetu ni wa volti 230 na hetsi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 itaungua siku ya kwanza ikichomekwa bila transfoma inayofaa. Mwulizeni mtoaji maswali matatu kwa maandishi: vipuri vinapatikana wapi, vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, vinauzwa na nani nchini, na kitabu cha maelekezo ki wapi. Akishindwa kujibu, mshukuruni na mkatae. Stoo nyingi zina kona ya mashine zilizofunikwa shuka, na kila moja ililetwa na mtu mwema.

Upasuaji na nani atabaki na mgonjwa

Mpasuaji wa kujitolea huondoka lakini mshono hubaki. Kabla ya kila mgonjwa kuingizwa kwenye orodha yake, daktari wa hospitali ajiulize: jambo likiharibika siku ya tano, mgeni akiwa ameshavuka bahari, je, mimi nitaweza? Kama jibu ni hapana, mgonjwa huyo aandikiwe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, au Dar es Salaam, hata kama mgeni ana uwezo na hamu ya kumpasua. Katika juma la mwisho la mgeni upasuaji mkubwa usimame, isipokuwa dharura. Kila upasuaji uandikwe kwa mwandiko unaosomeka, na uwe na msaidizi wa hapa mezani, siyo wa kushika koleo tu, bali wa kufanya sehemu ya kazi akiongozwa.

Mgonjwa naye aambiwe ukweli wa nani atampasua na kwa muda gani daktari huyo atakuwepo. Tangazo linalosema "madaktari bingwa wa Ulaya" huleta umati kutoka Newala, Nanyumbu na hata ng'ambo ya Ruvuma, na umati huo ukirudishwa nyumbani, lawama hubaki kwenu. Andikeni idadi mtakayoihudumia, waandikisheni wagonjwa kwa simu, na chujeni kabla mgeni hajafika.

Usalama wa mgeni mwenyewe

Aje amechanjwa homa ya ini aina ya B, awe na dawa za kuzuia malaria alizoandikiwa kwao, na awe na bima inayogharamia kusafirishwa akiugua. Siku ya kwanza aonyeshwe mahali zinapowekwa dawa za PEP, yaani za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI baada ya ajali, na aambiwe jina la anayezitoa, kwa sababu aliyechomwa na sindano anatakiwa kuzianza haraka iwezekanavyo na si baada ya saa 72, kisha azitumie kwa siku 28. Mgeni mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo. Wengi hujidai kuwa ni uchovu wa jua.

Picha na fedha

Mgonjwa asipigwe picha bila ridhaa ya maandishi ambayo ameielewa, na picha isiende mtandaoni bila idhini ya hospitali; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu taarifa za afya pia, na haimbagui mgeni. Mtoto mgonjwa aliye uchi kitandani asipigwe picha hata kama mama ameitikia kwa adabu.

Kuhusu fedha, mgeni atakutana na maombi: karo ya mtoto wa mfanyakazi, bati la nyumba, nauli ya mgonjwa. Mwondoleeni mzigo huo kwa kuwa na kanuni moja, kwamba kila msaada unapita ofisini na unapewa stakabadhi, na kwamba anayetaka kuwasaidia wagonjwa achangie mfuko wa wasiojiweza unaosimamiwa na ofisa ustawi wa jamii. Mgeni anapomlipia mgonjwa wa kitanda namba nne mbele ya kitanda namba tano, ameleta ugomvi wodini bila kukusudia. Wafanyakazi waelezwe kanuni hiyo pia, tena kabla yake, ili kukataliwa kusionekane ni uchoyo wa mtu.

Kuondoka

Juma moja kabla ya safari, mgeni aandike taarifa fupi kwa Kiingereza na muhtasari wake wa Kiswahili: ni nini kilifundishwa na kwa nani kwa majina, ni wagonjwa gani wanaohitaji kufuatiliwa na tarehe zao za kliniki, ni kifaa gani kiliachwa na nani ana ufunguo wake. Wale aliowafundisha wafanye kazi hiyo mbele yake mara ya mwisho yeye akiwa kimya. Funguo za nyumba na makabati zirudishwe, kitambulisho kirudishwe, na tarehe ya mwisho ya vibali iangaliwe, maana asiyeondoka kwa wakati huiingiza hospitali iliyomwalika katika maswali ya Uhamiaji.

Wengi huendelea kuulizwa ushauri kwa simu baada ya kurudi kwao, na hilo ni jema, ila picha za eksirei na majibu ya maabara yatumwe bila jina la mgonjwa, na uamuzi wa mwisho ubaki kwa daktari aliye kitandani. Mkishaagana, msimamizi wake aandike ukurasa mmoja: mgeni huyu alifaa wapi, alikwama wapi, na barua ya mwaliko inayofuata ibadilishwe sentensi ipi. Nakala moja iwekwe kwenye faili la katibu wa afya na nyingine apewe matroni, kwa kuwa ndiye atakayekuwa wodini Jumatatu mgeni mwingine atakapofika.